Beaumont ya silinda sita kuvishwa beji za SD 396: ni ukarabati au ni udanganyifu?

Kibati67:
Wakuu, hili tulijadili waziwazi. Beaumont iliundwa Oshawa, Ontario, kwa ajili ya soko la Canada. Mwaka 1964 na 1965 iliitwa Acadian Beaumont, kisha kuanzia 1966 hadi 1969 ikasimama kwa jina lake. Ya juu kabisa ni SD 396, yaani Sport Deluxe yenye V8 ya inchi za ujazo 396 (lita 6.5), pacha wa Chevrolet Chevelle SS 396 ya Marekani. Zilikuwa chache tangu mwanzo, na kutu ya chumvi ya barabarani imezila nyingi. Sasa silinda sita nyingi zinazofufuliwa zinatoka gereji zikiwa na beji za SD na 396 ya kuokoteza. Msimamo wangu: anayefanya hivyo aandike "imegeuzwa" kwenye tangazo la mauzo, na kwenye maonyesho gari lake lisipangwe mstari mmoja na yale ya kiwandani. Mnasemaje?

FundiDifu:
Gari ni la mwenye nalo, Mkuu. Silinda sita na giaboksi ya Powerglide ya gia mbili kwenye bodi ile ni kumtwika kuku gunia la mahindi. 396 inakaa kwenye chesisi ileile bila kukata chuma: unabadilisha vishikio vya injini, springi za mbele, rejeta, propela shafti na difu, kazi imeisha. Halafu tusidanganyane, Beaumont yenyewe ni Chevelle iliyobandikwa jani la mepo, alama ya Canada. Kama kiwanda kilibandika beji, kwa nini fundi asibandike?

JaniLaMepo:
"Chevelle iliyobandikwa jani." Hii kauli imezoeleka na haina adabu. Shoo ya mbele ya Beaumont imegawanyika mara mbili kwa mtindo wa Pontiac. Taa za nyuma ni zake. Dashibodi ni ya Pontiac Tempest na GTO, si ya Chevelle. Mtu aliyewahi kuiona kwa macho hasemi hivyo.

FundiDifu:
Shoo, taa, dashibodi. Umetaja vitu vitatu vinavyofunguliwa kwa spana namba kumi. Milango, paa, vioo, sakafu, chesisi, breki, injini, vyote Chevelle. Na si Beaumont tu. Pontiac kubwa za Canada ni hivyohivyo. Parisienne ni Chevrolet iliyovaa kanzu ya Pontiac. Tazama magurudumu yake yalivyozama ndani ya fenda, kama mtoto aliyevaa koti la babake.

MzeeWaParisienne:
Sasa umegusa pabaya. Hayo magurudumu yaliyozama ni habari ya 1959 na miaka ya karibu yake. Pontiac ya Marekani mwaka ule ilipanuliwa, upana kati ya magurudumu ukafika inchi 64 hivi, wakati chesisi ya Chevrolet ilikuwa inchi 60. Bodi ya Pontiac ikawekwa juu ya chesisi ya Chevrolet yenye urefu wa inchi 119 kati ya ekseli badala ya 122, ndiyo maana ikaonekana vile. Kuanzia 1965 chesisi ilibadilika na kasoro hiyo haionekani sana. Ukitaka kudharau gari, taja mwaka.

Na injini za Chevrolet si aibu. Parisienne ya 1967 ungeweza kuiagiza na 427, lita saba kamili. Canada waliendelea kuuza Pontiac 2+2 hadi 1970, Marekani waliacha 1967. Nani hapo aliyevaa koti la babake?

FundiDifu:
Mzee, shikamoo. Sikudharau mashine, nimesema tu si Pontiac. Pontiac ni 389, ni 421, ni injini ya Pontiac. Ukifungua boneti ukakuta mifuniko ya valvu ya Chevrolet, hiyo ni Chevrolet.

MzeeWaParisienne:
Marahaba. Na bado hujasema kitu. Gari halipewi jina na mifuniko ya valvu.

BintiWaOshawa:
Kaka zangu, mnagombana juu ya matokeo bila kugusa sababu. Kabla ya 1965, gari lililotoka Marekani kuingia Canada lilitozwa ushuru wa asilimia 17.5. Soko la Canada lilikuwa dogo, kwa hiyo kiwanda cha Oshawa kisingeweza kuunda kila chesisi na kila injini ambayo GM (General Motors, kampuni yenye Chevrolet na Pontiac) ilikuwa nayo Marekani. Wakachagua chesisi na injini za Chevrolet, V8 ndogo zikaundwa St. Catharines katika kiwanda cha McKinnon, kisha juu yake wakaweka bodi za aina mbili. Chrysler nao kule Windsor walifanya hivyo: Dodge yenye bodi ya Plymouth, na V8 ya 313 iliyokuwa ya Canada.

Sababu ya pili ni mawakala. Chevrolet na Oldsmobile zilikuwa duka moja, Pontiac na Buick duka jingine. Wakala wa Pontiac katika mji mdogo alihitaji gari la bei nafuu la kumuuzia mteja, na Chevelle hakuruhusiwa kuiuza. Ndiyo Beaumont na Acadian zikazaliwa. Na JaniLaMepo, kaka, kwa usahihi: Beaumont kuanzia 1966 ni chapa yake yenyewe. Iliuzwa na mawakala wa Pontiac lakini haikuitwa Pontiac.

JaniLaMepo:
Sikusema ni Pontiac, dada. Nimesema mtindo wa Pontiac. Soma tena.

Gia4:
Lakini mkataba wa magari kati ya Canada na Marekani ulisainiwa 1964, kwa hiyo hoja ya ushuru kwa gari la 1967 haisimami.

BintiWaOshawa:
Januari 1965, waziri mkuu Pearson wa Canada na rais Johnson wa Marekani. Na ndiyo, hoja yako inanisaidia: ushuru uliondoka, Beaumont ikabaki hadi 1969, kwa sababu mawakala walibaki. Mwaka 1970 wakala wa Pontiac akapewa Pontiac LeMans, Beaumont ikafa. Acadian ndogo, ile ndugu ya Chevrolet Nova, ikasogea hadi 1971.

Kibati67:
Wakuu, turudi kwenye mada. Je, iliyogeuzwa itangazwe au isitangazwe?

Gia4:
Mimi nauliza kitu kimoja. Kuna SD 396 ya 1967 inatangazwa, muhuri wa injini (herufi na namba zilizogongwa kwenye bloku) unaanza na T. Injini za Canada zinaanza na K. Si tayari ushahidi kwamba injini ni ya kupandikiza?

FundiDifu:
Hapana! Hapa ndipo watu wanaharibu sifa ya gari la mtu kwa nusu elimu. K ni St. Catharines, sawa. Lakini St. Catharines hawakuunda injini kubwa. 396 na 427 zote zilitoka Tonawanda, New York, na Tonawanda ni T. SD 396 yenye muhuri wa K ndiyo ya kukimbia. Yenye T iko sawasawa.

Gia4:
Kwa hiyo T inathibitisha.

FundiDifu:
Haithibitishi. Haikatai tu. Kila 396 ina T, hata iliyotolewa kwenye Impala. Soma muhuri mzima: herufi ya kiwanda, tarakimu nne za mwezi na siku, kisha herufi za mwisho zinazosema injini ilikusudiwa gari gani na giaboksi gani. T0214 maana yake Tonawanda, 14 Februari. Mwaka haumo. Mwaka unautafuta kwenye tarehe ya kumwaga chuma, ubavuni mwa bloku: A ni Januari, L ni Desemba, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. C 14 7 ni 14 Machi 1967. Sasa pima: bloku iliyomwagwa C 14 7 ikiwa na muhuri wa T0210, maana yake imeunganishwa Februari ya 1968. Kwa gari la 1967 hiyo haiingii. Na ukipima kipenyo cha silinda ukakuta inchi 4.126 badala ya 4.094, hiyo ni 402, injini ya 1970, wakati Beaumont ilishakufa.

MzeeWaParisienne:
Kwa hilo nakuunga mkono. Niongeze jinsi ya kuusoma, maana wengi wanaufuta wenyewe. Muhuri uko kwenye kipande bapa cha bloku, mbele kabisa, upande wa abiria, pale silinda hedi inapoishia. Mara nyingi umefunikwa na rangi au grisi. Paka tina (kiyeyusha rangi), subiri dakika kumi, futa kwa kitambaa, rudia. Ukihitaji brashi, iwe ya shaba laini. Msasa hapana, brashi ya waya ya mashine hapana kabisa. Kisha mulika tochi ubavuni, usimulike kutoka juu. Utaona mistari myembamba sana iliyonyooka kutoka mbele kwenda nyuma, alama za mashine ya kiwandani. Kama herufi zipo na mistari haipo, bloku imepitishwa mashine ya kusawazisha na mtu amegonga herufi upya. Mistari ya duara ndiyo mbaya zaidi, hapo mtu ametumia jiwe la grainda.

Kibati67:
Na sehemu ya namba ya chesisi kugongwa kwenye injini?

MzeeWaParisienne:
Kuanzia 1968 itafute kwenye injini na kwenye giaboksi. Kwa 1966 na 1967 usijenge hukumu juu yake.

BintiWaOshawa:
Mnahangaika na tochi wakati karatasi zipo. GM ya Canada ilitunza kumbukumbu za magari iliyoyauza. Unapeleka namba ya chesisi, unapata barua inayotaja gari lilitoka na injini gani, giaboksi gani, difu ya uwiano gani, na lilipelekwa kwa wakala yupi. Chevelle iliyouzwa Canada inapata barua hiyo. Chevelle iliyouzwa Ohio haina, kwa sababu Chevrolet ya Marekani hawakutunza kumbukumbu za namna hiyo kwa kila gari. Kwa hiyo FundiDifu, hilo "jani la mepo" unalolicheka ndilo linalokupa uhakika ambao mwenye SS 396 wa Marekani anauota tu. Anayeuza SD 396 bila barua ya Oshawa, muulize kwa nini.

FundiDifu:
Kumbukumbu sizipingi. Lakini barua inasema gari lilizaliwaje, haisemi mbele yako kuna nini leo. Barua halali, injini ya kuokota, mbona zipo? Lazima uingie chini. Hesabu boliti za mfuniko wa difu: 396 ilikuja na difu ya boliti 12, silinda sita ya boliti 10. Bomba la mafuta lililopita kwenye chesisi: 396 ni inchi tatu kwa nane, silinda sita na V8 ndogo ya 283 ni tano kwa kumi na sita. Bomba ndilo wageuzaji wanalisahau, kwa sababu halionekani kwenye picha za mnada.

JaniLaMepo:
Ona mwenyewe. Umeorodhesha njia za kumkamata mdanganyifu. Ungekuwa unaamini kila mtu yuko huru kubandika beji, usingezijua kwa moyo hivi.

FundiDifu:
Ninajua kwa sababu ni kazi. Kugeuza si dhambi, kuficha ndiyo dhambi. Hiyo nakubali, iandikwe. Lakini kuipanga mstari wa nyuma kwenye maonyesho kama mwana haramu, hapana. Gari lililookolewa kwenye kutu ya Quebec lina heshima yake.

MamaKabureta:
Samahanini kuingilia, mnazungumza injini wakati injini ndiyo rahisi. Bloku ya 396 inapatikana. Fremu za taa za nyuma za Beaumont ndizo hazipatikani, na watu wanazitupa. Ile chuma nyepesi ya zinki ikiota vipele chini ya kromu, fundi wa haraka anaisugua yote iwe bapa, na kona zinayeyuka. Utaratibu ni huu: kromu na nikeli zitolewe kwa asidi, kila kipele kichimbwe kimoja kimoja hadi chuma safi, kipakwe kopa (shaba nyekundu), kijazwe, kisawazishwe kwa mkono, kopa tena, ndipo nikeli na kromu. Kipele kilichoachwa na uchafu ndani kitafura tena. Beji ya jani ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu ncha za jani ni nyembamba na mashine ya kung'arisha inazila kwa sekunde.

Gia4:
Mama, na nyaya? Nyaya mpya za Chevelle 1967 zitaingia?

MamaKabureta:
Usiagize kabla ya kulinganisha. Injini ni ya Chevrolet lakini dashibodi ni ya Pontiac, kwa hiyo nyaya za Beaumont ni mchanganyiko. Za taa za nyuma na za chini ya sakafu zinakaribiana na za Chevelle. Za nyuma ya dashibodi usizikate kamwe, hata kama plastiki imekauka. Zitoe nzima, uzilaze juu ya ubao, piga picha kila soketi ikiwa na kipimo cha inchi pembeni, andika rangi ya kila waya na tundu lake. Ukiwa na ubao huo, mtengenezaji wa nyaya anaweza kukufumia mpya. Ukizikata, hakuna kitabu cha Chevelle wala cha Tempest kitakachokueleza waya upi ulienda wapi. Na kipimo cha joto: dashibodi ya GTO na kihisi cha injini ya Chevrolet havisomani kila mara. Sindano ikipanda hadi mwisho injini ikiwa baridi, usikimbilie kufungua rejeta, badilisha kihisi kwanza.

Gia4:
Kihisi cha Pontiac kinaingia kwenye tundu la Chevrolet?

MamaKabureta:
Pima meno ya skurubu kwanza. Kikikataa kwa mkono usikilazimishe kwa spana, utapasua tundu la silinda hedi.