Rais wa Mikronesia anapatikanaje, na Marekani anaingia wapi?

Mdadisi_Tabora
Wakuu, Shirikisho la Mikronesia, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, lina watu laki moja na ushee tu, lakini siasa zake zinanichanganya. David Panuelo aliupoteza urais 2023, na wananchi hawapigi kura ya urais. Iliwezekanaje? Na kama ulinzi wao uko kwa Marekani, China wanaelewana nayo vipi?

Ibara_kwa_Ibara
Bunge lina viti 14. Vinne ni vya miaka minne, kimoja kwa kila jimbo: Yap, Chuuk, Pohnpei na Kosrae. Kumi ni vya miaka miwili, kwa idadi ya watu: Chuuk 5, Pohnpei 3, Yap na Kosrae kimoja kimoja. Rais na makamu hutoka kwa wale wanne, wakichaguliwa na wabunge wenzao. Kisha viti vyao vinajazwa kwa uchaguzi mdogo. Kwa hiyo rais anayetaka muhula wa pili huanza kwa kugombea tena ubunge nyumbani. Panuelo alikwama hapo, Machi 2023, huko Pohnpei. Mei, Bunge likamchagua Wesley Simina wa Chuuk.

Mdadisi_Tabora
Chuuk wana 6 kati ya 14. Si wanawaburuza wengine?

Ibara_kwa_Ibara
Hawawezi. Muswada husomwa mara mbili, siku tofauti. Kwanza unahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, yaani 10. Mara ya pili kila jimbo lina kura moja, na yanatakiwa matatu. Kosrae kadogo kana uzito uleule wa Chuuk. Ubaya wake ni kwamba majimbo mawili yakigoma, muswada umekufa.

Bahari_Kuu
Kuhusu Marekani, kuna Mkataba wa Ushirika Huru, uliotumika tangu Novemba 1986. Marekani inashika ulinzi na inaweza kuzuia majeshi ya wengine. Wamikronesia wanapata fedha na ruhusa ya kuishi na kufanya kazi Marekani bila viza. Mambo ya nje yamebaki Palikir, mji mkuu wao, ndiyo maana wana uhusiano na China tangu 1989. Panuelo, akiwa ameshashindwa, aliandika barua akiituhumu China kwa hongo na kupendekeza uhusiano uhamishiwe Taiwan. Simina hakuuhamisha.

Cha kuangalia ni muda wa fedha. Awamu iliyopita iliisha Septemba 2023, Washington ikachelewa, na mpya ya miaka 20, dola bilioni 3.3, ikapita Machi 2024 tu.