Kuziba utando wa BSCF: kioo, fedha au dhahabu?

Moto_wa_Kauri: Wakuu, nina vidonge vya BSCF (kauri ya oksidi ya bari, stronti, kobalti na chuma), yaani utando wa kuchuja oksijeni kutoka hewani. Nataka kuvipima kwa 900°C juu ya bomba la alumina (kauri ya oksidi ya alumini). Nizibe kwa kitu gani ambacho hakitaula utando wenyewe? Mfuko mwembamba.

Kioo_Mvivu: Unga wa kioo ndio rahisi. Unalainika, unajaza mianya wenyewe. Ubaya wake ni silika iliyomo kwenye kioo: bari na stronti hutoka kwenye BSCF zikaifuata, zinaunda silikati, na ukingo wa kidonge unaacha kuwa perovskaiti, ule mpangilio wa atomi unaopitisha oksijeni.

Binti_Maabara: Na mtanuko wa joto je? BSCF ni karibu sehemu 20 kwa milioni kwa kila digrii, vioo vingi vya kuzibia 9 hadi 12, alumina kama 8. Kwenye moto mambo shwari. Zima tanuri sasa, kila kimoja kinasinyaa kivyake, utasikia "tak!" ya kupasuka.

Fundi_Fedha: Pete ya fedha, mkuu. Mtanuko wake unakaribia 20, haina ugomvi na BSCF, na ni laini, ukiibana kwa springi inakaa. Ila inayeyuka 962°C, kwa hiyo hakikisha themokapo yako (kipima joto cha tanuri) haikudanganyi.

Moto_wa_Kauri: Na ile lehemu ya fedha yenye oksidi ya shaba, inayochomwa hewani?

Binti_Maabara: Hiyo oksidi ndiyo inaifanya fedha iliyoyeyuka itambae juu ya kauri badala ya kujikunja matone. Kwa BSCF ni balaa, inapenya kwenye mipaka ya chembe. Ungekuwa na LSCF (kauri ya jamii hiyo yenye lanthani badala ya bari) ningesema jaribu. Halafu upande wa pili unapitisha gesi gani? Kama ni haidrojeni, achana na fedha kabisa. Haidrojeni na oksijeni hukutana ndani ya fedha, zinazaa mvuke, mvuke unaacha matundu.

Moto_wa_Kauri: Heliamu tu.

Kioo_Mvivu: Basi hata dhahabu ingefaa, 1064°C ndipo inayeyuka. Bei yake muulize sonara 😂

Fundi_Fedha: Fedha inatosha. Pima naitrojeni kwenye heliamu inayotoka: utando usio na ufa haupitishi naitrojeni, ikionekana ujue kuna uvujaji, utoe kwenye hesabu ya oksijeni. Na usishuke chini ya 850°C ukakaa huko siku nyingi ili kuinusuru pete, mpangilio wa atomi za BSCF hugeuka wa heksagoni na oksijeni inayopita inapungua.