Wauza spea za elektroniki Kariakoo, mfuko wa karanga si wa kufungia mosfeti!

Wakuu, salaam. Leo sina utani, na mwenye duka akijikuta humu ajue ninamsema yeye. Jina silitaji kwa sababu wanaofanya hivi ni wengi, nikimtaja mmoja wenzake watapumua.

Mimi ni fundi, niko Mwanza, natengeneza inverta, TV na mashine za kuchomelea. Sisi wa mikoani spea tunaagiza Kariakoo. Unatuma pesa kwa simu, duka linafunga mzigo, bodaboda anaukimbiza ofisi ya basi, unaufuata stendi Nyegezi. Utaratibu huo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu uko pale mezani kwa muuzaji, anapoitoa spea kwenye droo na kuitafutia kitu cha kuifungia.

Ngoja niwaonyeshe mzigo wa wiki hii. Niliagiza IRF3205 (mosfeti, yaani transista za kuwasha na kukata umeme) za inverta ya mteja, aisii (chipu) ya kuziendesha, bodi ya T-con ya TV (ile inayoongoza picha kwenye paneli) na chipu ya eMMC ya kuhifadhi data. Boksi ni la biskuti, sawa, boksi ni boksi. Ndani, mosfeti zote zimemiminwa kwenye kifungashio laini cha nailoni, kile cha kupimia karanga, kimepigwa fundo juu. Miguu imesokotana, mingine imepinda pale inapoingia kwenye plastiki. Aisii imechomekwa kwenye kipande cha foma jeupe la vipunje, lile linaloshikilia TV mpya kwenye boksi. T-con nikaiona imo kwenye mfuko wa kijivu unaong'aa, nikashukuru Mungu mapema mno: mdomo wa mfuko umekunjwa ukapigwa pini za stepla zilizotoboa mpaka upande wa pili, moja imekwaruza soketi ya utepe. Ile alama ya pembetatu yenye mkono, inayokuonya kwamba kilichomo kinauawa na umemetuli (umeme unaojikusanya vitu vikisuguana), imekatwa katikati kwa mkasi. eMMC ndiyo ilinimaliza. Imeviringishwa kwenye kipande cha risiti na kuzungushiwa solotepu, gundi imeshika mpaka kwenye vitufe vya risasi vya chini.

Nikachukua mita kabla ya kuwasha hata pasi ya kulehemu, huku simu inarekodi. Mosfeti ina miguu mitatu: geti linaloamuru, dreni na sosi ambako umeme unapita. Ikiwa nzima ukipima geti na sosi mita haisomi kitu, pako wazi kabisa. Ukilichaji geti kidogo, dreni na sosi zinapitisha umeme. Ukishika geti na sosi kwa kidole zinaacha kupitisha. Kati ya zile nilizotumiwa, kadhaa zinasoma omu chache tu geti kwa sosi. Zimekufa. Hazijawahi kuingia kwenye bodi yoyote na zimekufa.

Namtumia muuzaji video. Ananijibu kwa sauti, katulia kama hakuna kitu: "Fundi, hizo zilitoka hapa nzima. Sasa bosi wangu, mimi nitajuaje kama hukuziunguza mwenyewe? Si unaona hazina hata mchubuko?"

Hazina mchubuko! Huyo mtu anauza semikonda na anazikagua kwa macho kama anachagua nyanya.

Basi nieleze, labda atasoma. IRF3205 kwenye karatasi ya kiwandani inabeba ampea 110. Ukiona namba hiyo unaona mnyama. Lakini karatasi hiyohiyo inasema geti lake lisizidi volti 20, juu au chini. Ishirini! Geti limetengwa na mwili wa mosfeti kwa tabaka la oksidi jembamba kuliko unywele mara mamia. Mtu anayevua sweta au kusugua nailoni anajikusanyia maelfu ya volti. Cheche ya umemetuli binadamu haisikii kidoleni mpaka ifike kama volti 3,000. Maana yake unaweza kuua geti la volti 20 ukiwa unapiga stori na mteja mwingine, na usisikie chochote.

Sasa chukua nailoni ya kawaida, weka mosfeti ndani zikiwa huru, halafu zitikise ndani ya buti la basi zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar mpaka Mwanza. Zinasuguana na nailoni njia nzima. Foma jeupe nalo ni balaa lilelile, kila anayelivunja anajua vile vipunje vinavyong'ang'ania mkono. Hicho kinachovigandisha ndicho kinachoua aisii.

Kuna jamaa wa duka lingine aliwahi kuniambia Dar hakuna umemetuli kwa sababu ya unyevu wa bahari. Nusu ni kweli, hewa yenye unyevu inasaidia chaji kuvuja. Lakini mzigo wangu haukai Dar! Unapita Dodoma na Singida, na kiangazi kule hewa inakauka mpaka midomo inapasuka. Na huo unyevu anaojivunia ndio unaoharibu ile eMMC. Chipu za namna hiyo zinatoka kiwandani kwenye mfuko uliofungwa kwa joto, ndani kuna pakiti ya silika na kadi yenye vidoa vinavyobadilika rangi unyevu ukiingia. Nje ya mfuko pameandikwa daraja la unyevu, yaani chipu inavyoustahimili. Chipu ya daraja la 3 inaruhusiwa kukaa nje ya mfuko saa 168 tu, yaani siku saba, na hizo zimehesabiwa kwa chumba kisichozidi nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 60. Kariakoo mwezi wa tatu! Chipu inakaa kwenye droo miezi, plastiki yake inanyonya maji, halafu mimi nikiipiga bloa ya hewa moto kuiweka kwenye bodi yale maji yanageuka mvuke na kuipasua kwa ndani. Unasikia "pa" ndogo. Basi, chipu imekwenda, na muuzaji atasema fundi alizidisha moto.

Na hapa ndipo hasira zangu zilipo hasa. Zile zilizokufa kabisa ndizo zenye nafuu, maana mita inazikamata. Kuna zilizojeruhiwa. Umemetuli umelitoboa lile tabaka kidogo tu, mosfeti inapima vizuri, unaifunga, inverta inawaka, mteja analipa na kuondoka anatabasamu. Baada ya wiki chache, usiku, friji inawaka, ile mosfeti moja inakata roho. Kwenye inverta mosfeti zinapangwa sambamba, kwa hiyo moja ikishoti mara nyingi zinazobaki nazo zinalipuka mstari mzima na kuondoka na aisii inayoziendesha. Mteja anarudi na boksi linalonuka moshi. Hamjui muuzaji wa Kariakoo, ananijua mimi. Mtaani mimi ndiye tapeli niliyemfungia spea feki.

Tukija kwenye ufeki. Mosfeti za aina hii kiwandani zinapangwa kwenye mirija ya plastiki iliyotibiwa isijenge chaji, IRF3205 ni 50 kwa mrija, na mrija una lebo yenye namba ya toleo. Muuzaji anaitoa kwenye mrija, anachanganya na za mzigo mwingine kwenye kopo, anatupa lebo. Baada ya hapo hata yeye mwenyewe hawezi kukuambia ipi ni ipi. Zilizofutwa maandishi na kuchapwa upya zinapenya hapohapo. Kwa hiyo akiniambia "hizi ni orijino" naomba anionyeshe mrija. Hana. Aliutupa.

Halafu utaambiwa kifungashio ni gharama. Gharama gani? Mrija uliokuja na mzigo anautupa jalalani. Kata kipande cha urefu wa mosfeti nilizonunua, ziba ncha mbili, umemaliza. Aisii yenye miguu ichomeke kwenye ile sponji nyeusi yenye kaboni iliyokuja nayo, na hiyo pia huwa mnaitupa. Hata karatasi ya aluminiamu ya jikoni, ukiviringisha miguu yote ya mosfeti ikagusana, geti na sosi zinakuwa na volti sawa na hakuna kinachoweza kulitoboa tabaka. (Kwenye bodi yenye betri ya kidonge usifanye hivyo, utaishotisha.) Mifuko ya kijivu inayong'aa bodi zote zinakuja nayo kutoka China. Itunze. Usiitoboe. Ile rangi ya fedha ni tabaka jembamba la aluminiamu linalozuia cheche isifike ndani, ukilipiga stepla umetengeneza njia. Mdomo unakunjwa na kubandikwa lebo, na risiti inakaa nje ya mfuko. Risiti inafuata nini humo ndani?

Wengine wamejitutumua, wananunua mifuko ya pinki. Nawapongeza nusu. Ya pinki haijijengei chaji yenyewe, lakini cheche ikitoka nje inapita. Inafaa kwa kuvalisha ndani ya boksi, bodi yenyewe inataka ya fedha. Na nailoni ya malengelenge muitumie juu ya mfuko wa fedha, msiiguse bodi nayo ikiwa wazi.

Kuhusu paneli za TV sitasema mengi, nikianza sitalala. Paneli inasafiri wima. WIMA. Mishale miwili na glasi ya mvinyo kwenye boksi havikuchorwa kupamba. Ukiilaza chini ya magunia ya nazi kioo kinabinyika, na zile tepu nyembamba zilizogandishwa ukingoni zinaachia, unaletewa paneli nzima kwa macho yenye mistari ya rangi kuanzia juu mpaka chini. Watu wa basi nao wana lao, lakini wao walipewa boksi bila maelezo. Ukimuuliza kijana wa ofisi ya mizigo anakwambia kaandikiwa "spea" basi.

Ninachodai kwa huyo muuzaji ni mosfeti, aisii na eMMC mpya, zimefungwa inavyotakiwa. Ile stempu yao ya "mali ikishauzwa hairudishwi" asinitishie nayo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kinachouzwa kifae kwa kazi kilichonunuliwa, na Tume ya Ushindani ina dawati la kumlinda mlaji. Risiti ya EFD ninayo, video ninayo, na boksi sijalitupa, pini za stepla zimo bado. Yule jamaa ananijibu kwa sauti tu, hataki kuandika. Anajua kwa nini.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu.

Mkuu uliyeniuliza kwa nini sinunui mwenyewe mojakwamoja China: mosfeti za inverta moja ukiziagiza peke yake, nauli inazidi mzigo, na mteja anataka umeme leo. Zingekuwa nyingi ningefanya hivyo.

Uliyesema "tumefanya kazi miaka yote na nailoni na mambo yanakwenda": yanakwenda kwako. Hesabu inverta zilizokurudia, halafu uniambie ulimlaumu nani. Zamani kwenye redio tulikuwa tunabadilisha transista za kawaida ambazo hazina geti la oksidi, zilivumilia. Hizi za leo ni vitu vingine.

Dada wa duka la mtaa wa Aggrey uliyeandika kwamba wateja wenyewe wanadai punguzo mpaka shilingi mia kwa hiyo hakuna nafasi ya kifungashio, nimekuelewa na nakushukuru umejitokeza wakati wenzako wamejificha. Weka bei mbili. Andika ukutani, iliyofungwa kwenye mrija bei hii, ya kopo bei hii, mikoani tunatuma ya mrija tu. Mimi nitalipa ya kwanza bila kuomba punguzo, na nina hakika mafundi wengi wa huku tutalipa.

Wanaojua duka Kariakoo linalotuma mikoani kwa mrija au mfuko wa fedha usiotobolewa, liwekeni hapa chini na mtaa wake. Inverta ya watu bado iko wazi juu ya meza.