Tupeane uzoefu: nani kashapanga nyumba ya likizo ndani ya Mji Mkongwe, Unguja?

Kipepeo wa Tabata

Wakuu, habari za saa hizi. Juzi nimerudi kutoka Unguja na bi mkubwa wangu na nina la kusimulia. Hoteli za ufukweni tumezichoka, nikasema safari hii tupange nyumba nzima humo humo Mji Mkongwe, tupike wenyewe, mama ale anachotaka saa anayotaka. Picha zilinimaliza: kitanda cha nguzo nne, mlango wa nakshi wenye njumu za shaba, roshani ya mbao. Nikalipa siku hiyo hiyo.

Ngazi hawakuzipiga picha.

Nyumba iko Kiponda, ghorofa ya tatu, na mama yangu ana magoti. Ngazi za nyumba zile ni kama ukuta uliochongwa meno. Nilizihesabu, 47. Mama alipanda ameshika kamba iliyofungwa ukutani, akapumzika mara 3, alipofika juu akakaa kitandani akavua viatu. "Mwanangu, mimi nimefika. Kushuka ni siku ya kuondoka." Nikadhani utani. Siku mbili hakushuka.

Sasa sikieni. Dirisha la sebule linatazamana na la nyumba ya pili, na kichochoro ni chembamba, ukinyoosha fagio unagusa ng'ambo. Kule anakaa bibi mmoja wa umri wa mama. Asubuhi ya kwanza naamka nawakuta wanazungumza sukari na presha, kila mmoja dirishani kwake. Bibi yule naye hashuki. Ana kikapu cha ukili kina kamba ndefu. Akisikia muuza mikate anapita anamwita, anateremsha kikapu na hela ndani yake, kinapanda na mkate wa ufuta na chenji. Jioni mama naye keshapewa kamba.

Mimi nimezunguka Forodhani, Ngome Kongwe, soko la Darajani, nimerudi na picha mia na miguu imevimba. Mama hajatia mguu nje, na anajua nani kaolewa, nani yuko Muscat, nani kauza nyumba na kwa nini ndugu zake hawasemi naye.

Haya, waliowahi kulala humo mtupe yenu. Naongelea nyumba, wale wa hoteli wana uzi wao.

Mtoro wa Mbagala

Yangu ni umeme. Tumefika saa 2 usiku, joto kali, tukawasha kiyoyozi vyumba vyote viwili. Saa 6 kasoro, kimya. Nachungulia dirishani, jirani taa zinawaka. Naenda kwenye mita, sifuri! Mwenye nyumba alituachia uniti za kuonjea.

Nikatoka hadi duka lililokuwa bado wazi. "Naomba luku ya elfu kumi." Kijana akacheka, "Luku huko kwenu bara, hapa tukuza. Nipe namba ya mita." Namba ya mita ninayo wapi? Nikarudi, nikaipiga picha kwa tochi, nikatoka tena, na mara hii nikapotea. Nimezunguka nusu saa nikilipita tundu moja la kuku mara tatu.

Na umeme ukikatika jua maji nayo yamekwenda, maana tangi liko juu na pampu iko chini. Siku hizi kabla sijatuma hela namwambia mwenye nyumba anipigie mita picha, hapo hapo.

dada_wa_Kahama

Wa kupotea tuko wengi, karibu chamani. Ramani ya simu mle ndani inakudanganya, kuta nene na vichochoro vimebanana, kile kidoti cha bluu kinarukaruka tu kama panzi. Mwenyeji wetu alikuwa na akili: hakututumia ramani, alitutumia sauti. "Mwambie dereva akushushe Darajani, ingia ndani uulize Jaws Corner, ukiwaona wazee wanakunywa kahawa barazani kaa hapo, nakuja." Tukakaa, tukanywa kahawa chungu na kashata. Alichelewa dakika 40 na hatukuona.

Gari halifiki mlangoni jamani. Ukiwa na masanduku makubwa tafuta mchukuzi mwenye mkokoteni, mkubaliane bei kabla hajanyanyua.

Mke wa Mwingereza

Sisi tulikwenda Ramadhani bila kuangalia kalenda, ndiyo wazembe tulivyo. Mchana mikahawa mingi imefungwa, na kula barabarani ni utovu wa adabu. Hapo ndipo nilipoona faida ya kuwa na jiko lako: unapika, unafunga dirisha, unakula bila kumkera mtu. Siku ya tatu ilipoadhiniwa magharibi mlango ukagongwa, mtoto wa jirani na sinia: tambi, mihogo ya nazi, kaimati. "Mama kasema mfuturu." Mume wangu akaniuliza tuwalipe kiasi gani. Nikamwambia nyamaza, sahani tutairudisha na kitu ndani. Niliirudisha na maembe.

Adhana ya alfajiri: misikiti iko kila kona, mtaamka. Asiyeweza akapange Paje, kijiji cha ufukweni huko mashariki.

Na wenye pasi za nje, bima ya safari ya Zanzibar ni lazima tangu Oktoba 2024, dola 44. Ikateni mapema.

Kipepeo wa Tabata

Hiyo ya sahani imenigusa. Swali: mbona vyumba vya nyumba zile ni virefu vyembamba kama treni? Kitanda kimeingia, sisi tunapita ubavu.

Mzawa wa Malindi

Asalaam alaykum. Nimesoma toka juu, mmenichekesha.

Vyumba ni vyembamba kwa sababu ya boriti. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu za juu zinalala juu ya boriti za mikoko, na boriti ya kubeba mzigo haizidi mita tatu hivi. Basi upana wa chumba ndio urefu wa boriti, mwenye mali akaongeza urefu tu. Ule unga mweupe mnaoukuta asubuhi kwenye mto ni chokaa, ukuta unapumua. Mkiona ukuta umepigwa saruji unang'aa, nuseni: utanuka ukungu, maana unyevu umefungiwa ndani.

Na roshani msijazane watu 8 kupiga picha. Beit el Ajaib mmeisikia, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883. Upande mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini. Na lile ni jumba la serikali. Nyumba ya mtu binafsi anaitazama nani?

Jengine, msinichukie. Uchochoro wetu una milango 6. Minne sasa ni ya wageni. Hela tunaiona, sikatai, mwanangu mwenyewe anafua mashuka yao. Lakini mwaka jana tumefiwa jirani, jeneza lishuke ngazi kama hizo za Kiponda, na wa kulipokea chini tulikuwa wazee watatu. Ilibidi tuite vijana Darajani. Mgeni mmoja alitoka na kaptula, akaona, akarudi ndani. Dakika mbili katoka na suruali, akaweka bega. Hata jina sikumuuliza.

Bi mkubwa wako, mtafutie nyumba ya chini safari nyengine. Zipo, Vuga na Mkunazini, hazipigwi picha sana kwa kuwa hazina roshani.

Punda wa Lamu

Huku mizigo ni mgongo wa punda na bei ni ya kupatana, ngazi ni zile zile. Karibuni.

Kipepeo wa Tabata

Ahsante sana mzee wangu wa Malindi, na poleni kwa msiba.

Nimemsomea mama ujumbe wako. Nyumba ya chini kaikataa. Kasema kamba yenyewe keshaipakia kwenye begi, sasa huko chini aiteremshe wapi.