Naomba ushauri: niitazame filamu, au nibaki na skripti yake?

Wapenzi wa kusoma, hamjambo? Niko hapa Kondele, Kisumu. Mwezi jana nilipata sokoni Kibuye, katikati ya vitabu vya mitumba, skripti ya Hiroshima mon amour iliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Aliiandika Marguerite Duras. Filamu yenyewe, iliyoongozwa na Alain Resnais, ilitoka 1959. Sijaiona.

Nimeisoma mara tatu. Wapenzi wawili, mwanamke Mfaransa na mwanamume Mjapani, hawaitani kwa majina, na maneno yao yanajirudia kama kiitikio. Kilichonikamata hasa ni nyongeza za mwishoni, ambapo Duras anaeleza kwa kirefu ujana wa yule mwanamke mjini Nevers, Ufaransa, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Naona kila kitu: ukuta, baridi, nywele zake zilizonyolewa. Picha hizo nimejiundia mwenyewe, na nazipenda mno.

Sasa binamu yangu ameipata filamu na anataka tuitazame Jumamosi. Naogopa sura za waigizaji zitazifuta zile nilizojiundia. Waliowahi kuanza na skripti, mlifanyaje? Na hapa Kisumu au Nakuru, skripti nyingine za namna hii nizitafute wapi?