Naomba ushauri: nikate bima ya familia sasa, au nisubiri ahadi za wagombea baada ya Oktoba?

Mvuvi wa Igombe
Wakuu, heshima yenu. Ninaishi Igombe, wilayani Ilemela, mkoani Mwanza, nina mke na watoto wanne, na riziki yangu inatoka ziwani. Usiku wa Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, nilikuwa kwenye dagaa huku nikisikiliza redio, na tangu hapo ahadi za matibabu zimenivuruga akili. Mgombea urais wa CCM ameahidi kwamba ndani ya siku 100 za kwanza bima ya afya kwa wote itaanza kwa majaribio, na kwamba Serikali itagharamia matibabu ya kibingwa kwa wasio na uwezo. Mgombea ubunge wa chama kingine, aliyefika mwaloni kwetu, pale tunaposhushia samaki, ametuambia kwamba wao watafuta malipo yote na kuendesha hospitali kwa kodi. Wa tatu anataka bima iunganishwe na hifadhi ya jamii, ili anayejiwekea akiba ya uzeeni awe amelipia na matibabu yake. Nimeziandika zote kwenye daftari, safu kwa safu, lakini kila nikilinganisha nazidi kupotea. Fedha ya bima nilikuwa nimeitenga. Je, nikate sasa, au nisubiri kura ya tarehe 29 Oktoba?

Mzee wa Nyakato
Mwanangu, huyo wa matibabu ya bure mwulize kodi ipi. Kabla ya kuchangia gharama kuanza mwaka 1993, hospitali za Serikali hazikututoza, lakini mara nyingi ulitoka na cheti mkononi ukanunue dawa dukani, kwa hiyo bure ilikuwa ya kumwona daktari tu. Ghana walitaja kodi yao waziwazi: tangu sheria yao ya mwaka 2003 walitenga asilimia 2.5 juu ya bidhaa na huduma kwa ajili ya bima ya afya. Hata hivyo, kwenye uchaguzi wao wa mwaka 2008 chama cha NDC kiliahidi kwamba mwananchi atalipa mchango mara moja tu maishani. Kilishinda, kikatawala, na mchango wa mara moja haukuonekana. Kamwulize mgombea wako swali hilo mbele ya watu.

Jirani wa Sirari
Mimi nitatoa mfano wa karibu, kwa sababu dada yangu ameolewa Migori. Kwenye uchaguzi wa mwaka 2022 Wakenya walipewa mipango miwili ya afya: Raila Odinga alikuwa na ule aliouita BabaCare, na William Ruto aliahidi kwamba mwenye kipato kidogo atachangia chini ya shilingi 500 za Kenya kwa mwezi alizokuwa akilipa aliyejiajiri. Ruto alishinda, na tangu Oktoba 2024 mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300. Ahadi ya kushuka chini ya 500 ilitimia kwa maandishi. Ila aliyejiajiri hatakiwi kulipa mwezi kwa mwezi. Anatakiwa kutoa ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dada yangu anauza omena, yaani dagaa, kipato chake kinafuata mwezi wa angani. Ndiyo maana nasema usiangalie kiasi peke yake, angalia na lini kinadaiwa. Kwa mvuvi, hilo ndilo swali lenyewe.

Muuguzi Mstaafu
Baba, daftari lako ni zuri, lakini kuna safu moja haimo. Nani anaumwa hapo nyumbani? Nimekaa dirisha la wagonjwa wa nje miaka mingi, na sijawahi kumwona mwenye nyumba ya wazima akiuliza habari za bima kwa uchungu wa namna hii.

Mvuvi wa Igombe
Mama, sikuona haja ya kulitaja kwa sababu nilitaka mjadala wa sera. Binti yangu wa pili, mwenye miaka tisa, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Alikuwa na Toto Afya Kadi ya shilingi 50,400 kwa mwaka, na baada ya utaratibu wa kumwandikisha mtoto mmoja mmoja kusitishwa mwaka 2023, tumekuwa tukilipa taslimu. Kuhusu ile fedha ya bima, nusu yake na zaidi nimeshaitoa kama malipo ya awali ya injini ya mtumbwi. Naomba nieleweke: injini inazalisha, bima haizalishi. Nikiweza kufika mbali kwenye sangara, injini hiyohiyo itamkatia binti yangu bima, na kama ahadi ya siku 100 ni ya kweli, nitakuwa nimepata vyote viwili.

Kapteni wa Kamanga
Hapa hatuna tena mjadala wa wagombea, tuna mvuvi aliyekwisha kutoa kishika uchumba kwa injini, akaja kuomba ruhusa ya wazazi. Hongera, bwana harusi. Ina nguvu farasi ngapi?

Dada wa Buzuruga
Mimi wagombea wote nitawapima kwa jambo moja. Mama yangu alipofariki, hospitali moja ambayo sitaitaja ilikaa na mwili wake siku nne kwa sababu ya deni, huku jamaa waliotoka Ukerewe wamelala sebuleni kwangu wakisubiri mazishi. Niliposikia kwenye kampeni kwamba kuzuia miili ya marehemu kutapigwa marufuku, nililia nikiwa kwenye daladala. Najua hili halijibu swali la kaka, lakini sina jingine la kusema.

Mkaguzi wa Mitaa ya Kati
Samahani, lakini nadhani mnachezewa. Bwana huyu anasema usiku wa Septemba 7 alikuwa kwenye dagaa. Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, tena ulipatwa ukawa mwekundu kuanzia kama saa mbili na nusu. Mtoto wa pwani ya ziwa anajua kwamba dagaa hufuata taa gizani, na mbalamwezi ikishawaka mitumbwi ya dagaa hupumzika. Akaunti yake ina siku tatu, na Kiswahili chake kimenyooshwa kama ilani. Mimi naona hapa kuna mtu wa kampeni aliyetumwa kupima upepo.

Jirani wa Sirari
Kama ametumwa, ametumwa na nani? Ahadi zote tatu amezieleza bila kuipendelea hata moja.

Mzee wa Nyakato
Mkaguzi, kuandika vizuri si ushahidi wa uongo. Ila suala la mbalamwezi ni zito, na lazima alijibu.

Mvuvi wa Igombe
Nitalijibu. Usiku ule sikuwa ziwani. Nilikuwa wodini, binti yangu alishikwa na maumivu ya mifupa tangu Ijumaa, na redio niliyoisikiliza ilikuwa ya mgonjwa wa kitanda cha jirani. Mwezi ulipopatwa, wauguzi walitoka kibarazani kuutazama na mimi nilibaki ndani. Sikutaka mjue, kwa sababu mngeniuliza bili nimeilipa kwa fedha ipi, na jibu ni kwamba nimeuza nyavu za dagaa. Kiswahili nimekipata shuleni, nilifika kidato cha sita. Bado nasimama na uamuzi wa injini.

Mkaguzi wa Mitaa ya Kati
Nimekuelewa, ndugu yangu, na neno la kampeni nalifuta. Lakini sasa una injini isiyolipwa yote, na nyavu huna.

Muuguzi Mstaafu
Acheni kumsonga. Baba, sikiliza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge Novemba 2023, kwa hiyo yeyote atakayeshinda ataikuta mezani. Kinachobishaniwa ni nani atamlipia asiye na uwezo, na lini. Hilo linaweza kukamilika haraka au likachukua miaka, na maumivu ya binti yako hayafuati kalenda ya uchaguzi. Mwaka huu wa 2025 CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ni shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na kwa rufaa inafika hadi hospitali ya mkoa, kwa hapa ni Sekou Toure. Hospitali ya kanda ya Bugando haifiki, nisikudanganye, na akihitaji huko utarudi kwenye fedha taslimu. Lakini 30,000 hazifanani na bei ya injini. Je, unazo?

Mvuvi wa Igombe
Hizo ninazo, mama. Niliidharau kadi hiyo kwa sababu haifiki Bugando. Watu sita ndio sisi kamili: mimi, mke wangu na watoto wanne.

Muuguzi Mstaafu
Kesho asubuhi nenda kwa mwandikishaji wa kijijini au mtaani kwenu, ukiwa na picha za wote sita. Na nijibu swali la mwisho kabla hujaenda: mkeo si mjamzito?

Mvuvi wa Igombe
Ana miezi sita, mama. Sikuona kama linahusika.