Tunauziwa shampeni iliyopikwa na joto la Dar kwa bei ya Paris

Wanajamvi, heshima zenu.

Naleta malalamiko haya nikiwa na hasira, kwa sababu Sh 250,000 kwa kichwa si fedha ya kutoa ili mtu anyweshwe mvinyo ulioharibika, kisha aambiwe kwamba ulimi wake haujazoea. Hiyo ndiyo kauli niliyopewa katika jioni ya kuonja mvinyo kwenye ukumbi mmoja wa Masaki, ambao siutaji jina kwa kuwa wenye tabia hii ni wengi.

Tulianza na kile mwenyeji alichokiita shampeni ya kufungulia. Chupa ilikuwa imeviringishwa kitambaa cheupe hadi shingoni, na nilipoomba kuiona lebo nikakuta ni Prosecco, mvinyo wa viputo wa Italia. Yenyewe haikuwa na kosa: ilikuwa baridi, ilinukia peasi na tufaha la kijani, na viputo vyake viliisha upesi, jambo la kawaida kwa mvinyo ambao aghalabu huumuka mara ya pili ndani ya tangi. Kosa ni la aliyeificha. Shampeni hutoka Champagne, Ufaransa; huumuka mara ya pili ndani ya chupa, na sheria yao inataka hata ile isiyoandikwa mwaka wa mavuno ikae miezi 15 kabla ya kuuzwa, 12 kati ya hiyo ikiwa juu ya mashapo ya hamira. Muda huo ndio tunaoulipia. Afrika Kusini wanatengeneza kwa njia hiyohiyo ya chupa na wanaandika Cap Classique bila kuona haya, basi sisi tunamwonea nani aibu?

Ikaja shampeni ya kweli, na hapo ndipo penye uchungu. Ilikuwa Brut, yaani sukari yake haifiki gramu 12 kwa lita, kwa hiyo nilitarajia ukali safi wa ndimu, harufu ya mkate uliotoka tanuri sasa hivi, na viputo vidogo vinavyopanda mfululizo kutoka kitako cha glasi. Shampeni iliyo nzima hubeba ndani yake mgandamizo unaokaribia mara 6 ya ule wa hewa ya nje, lakini hii ilifunguka kwa pumzi hafifu, na kizibo chake kilikuwa kimesinyaa upande wa chini. Rangi ilikuwa imeelekea kwenye chai ya rangi. Puani ilileta tufaha lililokatwa likasahauliwa mezani, na nyuma yake kabichi iliyochemshwa, harufu ambayo huletwa na mwanga unapoipiga kwa muda mrefu chupa isiyo na rangi, kama ilivyokuwa hii. Mdomoni ikalala tu. Nilipouliza inakohifadhiwa, meneja akanionyesha kwa fahari rafu ya vioo nyuma ya kaunta, inayomulikwa na taa usiku na mchana, katika ukumbi ambao kiyoyozi chake huzimwa wateja wakiondoka, tena Februari hii ambayo hata usiku wa manane joto halishuki kirahisi chini ya nyuzi 25.

Nyekundu ya Bordeaux, yaani mvinyo mwekundu wa Ufaransa, nayo ililetwa, tukaambiwa, kwa joto la chumba. Chumba hicho ni cha Ulaya ya kale, nyuzi 16 hadi 18, si cha Msasani! Spiriti ndiyo iliyotangulia puani, tunda lilikuwa limegeuka jamu, na ulimini ukabaki ukakasi mtupu. Nilipoomba ndoo ya barafu niipoze kidogo, mhudumu alicheka, na meza ya jirani nao wakacheka.

Mvinyo mweupe wa Dodoma, uliowekwa mwisho kwa kudharauliwa, ndio pekee niliomaliza glasi yake. Ulitoka kwenye friji.

Nimekwisha kumwandikia mwenye ukumbi kudai fedha yangu, nikaambatanisha risiti ya EFD na picha ya kizibo, na jibu lake nitalibandika hapa kama litakavyokuja. Wakati huo, anayelifahamu duka la Dar lenye chumba cha baridi ambacho jenereta hukiwashia umeme ukikatika, alitaje pamoja na mtaa lilipo, maana wikiendi ijayo nina wageni na sitaki kununua siki.